Safu ya Yusto

Miyuji, Dodoma
Jumamosi mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mkono wangu haufiki huko Tukuyu, basi ipokee salamu hii kwa karatasi. Goti linasemaje siku hizi? Na mvua, bado inawanyima nafasi ya kuanika nguo? Sisi huku tumesahau hata mvua inavyonuka. Upepo unatuletea vumbi mpaka kwenye uji. Na huyo mjukuu wako aliyechafua ukuta wa jikoni kwa mkaa, umeshamchapa au umeshamsamehe? Najua umeshamsamehe.

Utashangaa kupata barua wakati tumeongea Jumapili tu. Lakini wewe simu yako huiweka sauti ya juu, na mwanangu Tusekile, na miaka yake sita, hukaa magotini pako akisikiliza kila neno. Haya sitaki ayasikie. Vaa miwani, uisome mwenyewe, naye awe nje anacheza.

Kazi yangu unaijua: nawafundisha watoto wa nyumba moja, Jonas wa miaka minane na Miriamu wa mitano, ambao wazazi wao wameamua wasomee nyumbani kwa mtindo wa Montessori. Hakuna ubao wala fimbo. Mtoto anachukua kazi yake rafuni, anatandika mkeka wake, akimaliza anarudisha kila kitu mahali pake. Nilipokueleza ulicheka ukasema, basi wanakulipa ukae. Lo, mama! Kila Ijumaa napanga wiki nzima ijayo, mtoto kwa mtoto, somo kwa somo, kwenye daftari kubwa lililopigwa visanduku. Nikimwonyesha mtoto somo, nachora mstari mmoja. Akiwa anajizoeza, mstari wa pili. Akiliweza mwenyewe bila msaada, nafunga kwa mstari wa tatu, inakuwa pembetatu. Ikishafungwa, mtoto anavuka kwenda somo linalofuata.

Daftari hilo nililikuta lina safu tatu. Ya tatu imeandikwa Yusto.

Nilimwuliza Mama Jonas siku ya kwanza tu. "Yusto yuko Chamwino kwa bibi yake," akasema, huku akipangusa rafu ambayo haikuwa na vumbi. "Wewe mpangie, Mwalimu. Asije akarudi akakuta wenzake wamemwacha."

Nikampangia. Ila kila Ijumaa mama huyo hukagua daftari, na kila Ijumaa macho yake yaliishia kwenye visanduku vitupu vya Yusto, yakalengwalengwa na machozi. Nilimwonea huruma, na huruma ikanifanyisha kosa ambalo mwalimu wa mtindo huu halifanyi kamwe: nikaweka alama ya somo ambalo halikufundishwa. Nilichora mstari mmoja, kwamba nimemwonyesha Yusto kumimina maji. Mstari mmoja tu, mama.

Jumatatu nilikuta miwili.

Unanijua, mimi si mtu wa kukimbizwa na kivuli changu. Chumba cha masomo kina ufunguo mmoja, nami nauvaa shingoni. Nikajiambia, Atupele, umechoka, umejichorea mwenyewe. Jumatano pembetatu ilikuwa imefungwa. Kwenye trei ya kumiminia, birika dogo lilikuwa limejaa hadi alama, na kitambaa cha kupangusia kilikuwa kibichi, kimekunjwa mara nne kama ninavyowafundisha.

Niliacha kumchorea, haikusaidia. Lolote nililompangia Ijumaa lilikuwa limefungwa kabla ya wiki kwisha. Fremu za kujizoeza kufunga vifungo, mnara wa vipande vya mbao vya rangi ya waridi, herufi za msasa za kupapasa kwa kidole. Wiki tatu zilizopita, saa nne asubuhi, jua limejaa chumba kizima, nilitaka kupita katikati nikachukue shanga za kuhesabia. Miriamu akanivuta sketi.

"Mwalimu, usikanyage mkeka wa Yusto. Hajamaliza."

Mkeka ulikuwa umetandikwa. Si mimi niliyeutandika, na watoto wote wawili walikuwa kwenye mikeka yao.

"Kwani anafanya nini?" nikauliza, najitia kucheka.

"Amekaa tu. Anakusubiri uangalie."

Nikaangalia, mama. Sikuona kitu, lakini niliogopa kweli, nikatoka nje nikasimama juani.

Utaniuliza, sasa kwa nini hukuondoka? Kwa sababu nilikuwa bado naamini Yusto yuko hai Chamwino, na kwamba wenzake wanamkumbuka tu kwa michezo yao. Na kwa sababu Mama Jonas aliniambia, "Mwalimu, mlete binti yako likizo hii. Asome na wenzake hapa, nafasi ipo." Miaka minne namwona mwanangu Krismasi tu! Tamaa ikanifumba macho. Ndiyo maana Jumapili nilikupigia kwa furaha ile, nikakwambia umpandishe basi wiki ijayo pamoja na shangazi yake.

Jumanne tulikwenda Chamwino, watoto wakachume zabibu kwa bibi yao, ni somo lao la mimea. Bibi alikuwa anapepeta uwele. Nikamsalimia, nikauliza mjukuu wake mwingine yuko wapi nimwone. Akaweka ungo chini.

"Hawakukwambia? Yusto tulimlaza pale, nyuma ya zizi. Huu ni mwaka wa pili. Angekuwa na miaka sita."

Nikamweleza habari za daftari, hata ule mstari wangu. Hakushangaa, alihuzunika tu.

"Mamaye hajataka kumwacha apumzike. Na wewe ukamsaidia kumwita. Sasa mtoto anaitwa kila wiki, mwanangu, ataacha kuja?"

Tulirudi Miyuji. Na sasa fuatana nami vizuri, mama. Somo lililokuwa linamfuata Yusto ni mnyororo wa elfu, shanga ndefu zinazovuka chumba toka ukuta hadi ukuta. Huo mtoto haubebi peke yake, utakatika. Ni lazima apate mwenzake wa rika lake, na kwenye daftari kuna kisanduku cha kuandika jina la mwenzake huyo. Nilikiacha kitupu.

Jana asubuhi nilifungua chumba, watoto wakiwa nyuma yangu. Mkeka umetandikwa. Juu yake zimepangwa herufi za mbao, zimenyooka vizuri kuliko anavyozipanga Jonas. Jonas akasoma polepole: "Tu-se-ki-le." Kisha akaniuliza, "Tusekile ni nani?"

Katika nyumba hii sijawahi kulitaja jina hilo. Wao husema binti wa Mwalimu. Na huku Ugogoni nani angelijua jina la Kinyakyusa?

Miriamu ndiye aliyemjibu. "Ni mwenzake. Anakuja na basi."

Mama, usimpandishe. Hata shangazi akishakata tiketi, hata Mama Jonas akikupigia akilia. Nimemwambia naacha kazi, naye ameniomba nibaki hadi Jumatano, niwaage watoto. Mstari wangu wa kwanza nimeufuta kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka. Alhamisi nitakuwa kwako.

Nisalimie kaka Lusekelo, ambaye ataipokea barua hii stendi kutoka kwa kondakta, na mkewe aliyejifungua. Msalimie shangazi, asinikasirikie kwa safari iliyovunjika. Na jirani yetu fundi cherehani, mwambie gauni la Tusekile asilikate kwanza.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nisisubiri Alhamisi. Jumapili ulilalamika kwamba mjukuu wako amejaza ukuta vipembetatu vya mkaa, na hataki kusema kafundishwa na nani. Nikacheka, nikasema kachukua akili za mama yake. Mama, mimi sijawahi kumfundisha zile alama. Nenda jikoni sasa hivi. Vilivyofungwa, viache, ameshavivuka. Ukikuta kimoja chenye mistari miwili, kifute kwa kiganja chako kabla hajaongeza wa tatu.

Mwanao anayekupenda,
Atupele