Msumari wa Mguu wa Kushoto

Jumanne, 6 Agosti

Farasi kumi na mmoja, kwato arobaini na nne, mtu mmoja. Mgongo hauna hali. Keshokutwa msafara wa hisani unaanza – siku nne juu ya farasi, kijiji hadi kijiji, kuchangisha mashine ya watoto njiti wa hospitali yetu. Viatu vya farasi wote nimevipiga mimi, bure. Sijutii. Mjukuu wangu alilala wodi ile wiki tisa, urefu wake hauzidi tupa yangu ya kusawazishia kwato.

Wa mwisho alikuwa Shwari, farasi jike, mpole kuliko wote. Kiongozi wa msafara kanisimamia kichwani: fundi, bado tu? Fundi, vipi? Mtu hata kushika nyundo hajui! Nikawa napiga haraka ili aniondokee. Mguu wa mbele wa kushoto, msumari wa pili, Shwari akavuta mguu. Nikamkaripia. Nikaendelea na wa tatu.

Shwari huwa havuti mguu.

Basi. Nimechoka, naona mambo.

Alhamisi, 8 Agosti

Tumeondoka! Wao juu ya farasi, mimi nyuma na pikapu, vifaa vyangu na marobota ya nyasi.

Shwari kapewa Mama Mkunga, yule wa wodi ya njiti. Hajawahi kupanda farasi tangu azaliwe. Ni mtu wa mwili, na mwenyewe hamwachii mtu nafasi ya kumtania, anajitania kwanza. "Jamani, farasi kaniona, kaanza kusali!" Amepandia benchi, watu wanne wanasukuma, yeye anacheka mpaka anateleza. Nimecheka hadi machozi.

Kila kijiji ni yeye. Wanawake wanatoka mbio na watoto mikononi: huyu ulimzalisha wewe, na huyu, na huyu mrefu hapa! Bila yeye sisi ni farasi kumi na mmoja wanaokula nyasi za watu. Mchana alinifuata garini kuniuliza yule wangu wa wiki tisa anaendeleaje. Amezalisha nusu ya wilaya na bado anamkumbuka. Nikamwambia anapanda meza sasa, anavunja vikombe. Alifurahi kama ni wa kwake.

Ijumaa, 9 Agosti

Shwari anachechemea.

Ilikuwa baada ya kuvuka mto. Nilijua ni mguu upi kabla sijashuka garini. Nikaushika ukwato – moto. Wa kushoto, wa mbele.

Kiongozi akauliza kuna nini. Nikasema mawe, labda. Labda! Akasema, kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, kwamba si mawe tu, na mzigo nao tuutazame. Watu wakacheka. Mama Mkunga naye akacheka, ila alichelewa kidogo. Halafu akashuka mwenyewe, bila benchi, bila msaada, almanusura aanguke. Akamshika Shwari shingo, akamwambia pole mama, pole, sikujua.

Na mimi nimeinama pale, mguu wa farasi mapajani, kimya. Mdomo wangu huu ambao hausazi mtu!

Jumamosi, 10 Agosti

Alfajiri, wengine hawajatoka mahemani, nimeung'oa msumari wa pili. Umetoka na maji meusi, kisha usaha. Shwari akashusha pumzi ndefu, akakanyaga chini taratibu. Nimemlowesha mguu kwa maji ya moto na chumvi, nimeufunga. Atapona. Lakini kupandwa, hapana, si chini ya wiki mbili.

Basi ni mimi. Miaka thelathini na moja kazini, nimepigilia msumari kwenye nyama kama mwanagenzi wa jana. Na mnyama aliniambia! Alivuta mguu, nikamkaripia.

Nilikusudia kusema wakati wa chai. Kiongozi akaniwahi: fundi wetu kaamka na mapema, katuokolea farasi, makofi kwa fundi! Wakapiga. Mama Mkunga kapiga kuliko wote. Nikainua kikombe kama bwana harusi. Aibu gani hii.

Leo Mama Mkunga ametembea. Kilomita kumi na nne kwa miguu, kamshika Shwari hatamu. Vijijini wanamwuliza mbona hujapanda? Anawajibu: nimemuumiza mnyama wa watu kwa uzito wangu, acheni nitembee. Nimelisikia jibu hilo mara tano, dirisha langu liko wazi. Mara ya sita nikapandisha kioo.

Na hali chakula. Asubuhi chai tupu. Mchana viazi vyake kampa jirani, ati ameshiba. Mtu katembea kutwa nzima, ameshiba nini?

Nimempigia mke wangu simu, nimemweleza yote. Akasema mwambie. Nikamwambia nikisema, kesho nani ataniamini na farasi wake? Ndiyo kazi inayotulisha hii. Kisha akauliza: na yeye, ataanza kula lini? Akakata. Huyu mwanamke hapotezi maneno.

Jumapili, 11 Agosti

Siku ya mwisho. Tumepumzika kwenye uwanja wa shule, mayai na mkate. Zimebaki saa mbili tuingie hospitali.

Nimejaribu kumwambia mara mbili. Ya kwanza bombani. Nikamwita, akageuka, nikamwuliza kama viatu vinambana. Viatu! Akasema la, asante fundi. Ya pili nilifika nyuma yake kabisa, nikaanza kumkagua Shwari kwato ambazo hazina tatizo lolote.

Sasa hivi kiongozi anapanga watu watakavyosimama kwenye picha pale hospitalini. Mama Mkunga amesema yeye asiwekwe mbele, atasimama nyuma na farasi, asije akawajazia picha. Wamecheka tena. Yeye safari hii hakucheka. Wodi ni yake! Watoto ni wake! Nimetaka kumrushia kiongozi nyundo. Lakini nyundo iliyoharibu si yake, ni yangu.

Yai lake kalisogeza mbali.

Nimekaa nyuma ya pikapu naandika, maana ndicho ninachoweza. Humu daftarini sijadanganya hata siku moja. Nikifungua kinywa tu mbele yake, naongea mambo ya viatu.

Kaniona. Anakuja. Anatembea kwa shida, nyayo zimemtoka malengelenge.

Amekaa kando yangu, gari limeinama kidogo, ameomba radhi. Kaliomba radhi gari! Kisha akauliza: fundi, kutwa kucha unaandika nini, barua kwa mkeo?

Nimemwambia si barua. Nimemwambia ngoja nimalize mstari huu, nitampa asome. Ameshangaa, amefuta mikono kwenye sketi yake, amenyoosha mkono apokee daftari.

Mama Mkunga, anzia Jumanne.