Uzi Chini ya Pete

Jilore

Mjukuu wangu Kadzo,

Shikamoo yako imefika, nami naiitikia kwa furaha: marahaba. Babu yako hajambo, na mihogo imeshika vizuri baada ya mvua. Waniuliza kama umpe sonara aikate pete yako ya uchumba, maana inakupwaya.

Nimefungua shajara yangu ya 1984, mwaka nilioolewa. Siku ya harusi mama mkwe alivua pete yake mwenyewe akanivisha. Vidole vyake vilikuwa vya jembe, vyangu vya kupiga taipu Malindi. Niliogopa kuipoteza, na niliogopa zaidi kumwambia kuwa hainienei. Basi nikawa nakunja ngumi, hata nikimwandalia chai.

Siku ya tano akaniuliza, "Mbona wakunja ngumi, mwanangu? Wataka tupigane?"

Nikafungua mkono, pete ikaangukia kwenye ungo wa mahindi.

"Ala! Nami nilipoolewa ilinipwaya hivyo hivyo," akasema huku akicheka. Akachukua uzi wa kushonea, akauzungusha kwenye pete upande wa kiganjani, akapiga fundo. "Vidole vikinenepa, utapunguza."

Nikapunguza kidogo kidogo, kila mara nikiandika tarehe. Mzunguko wa mwisho niliutoa mwaka aliozaliwa mama yako.

Jumapili iliyopita pete iliniteleza tena nikiosha vyombo, kwani vidole vimekonda kwa uzee. Nimeizungushia uzi mara nne.

Uzi uliobaki nimekutilia humu ndani ya bahasha.

Akupendaye,
Bibi yako