Taulo Nililomnyang'anya Mzee Machibya

Mashine ya mpunga, Kashaulili,
Mpanda, Katavi.
Jumapili, 14 Julai 2024

Mpendwa Shangazi Milembe,

Shikamoo. Kabla Ng'washi hajaanza kukusomea, mwambie afunge mlango, na asome polepole. Mengine humu ni ya masikio yako tu, na yeye ni msichana mwenye akili, hatayapeleka kisimani.

Goti la kulia limekuwaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori ilifika, au aliipaka yeye? Na mtama mmeuvuna wote kabla ndege hawajaumaliza? Huku mpunga mwaka huu umekubali. Mikokoteni inatoka Kakese na Magamba tangu alfajiri, na foleni ya kukoboa inafika barabarani. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mgongo umechoka na ngozi inaniwasha. Nitakueleza sababu.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Wewe, Shangazi, simu unaiweka sauti ya nje, na majirani ndio wanaokujibia. Jambo hili halifai sauti ya nje. Posa yangu kwa Minza imesimama, na inaweza kurudishwa. Kosa ni langu. Lilianzia bafuni hapa kazini, kwenye sabuni. Nitaeleza lote, hata pale ninapoona aibu, maana kuna kitu nataka kukuomba na huwezi kunisaidia kama hujui.

Kazi yangu ni ileile, kushusha magunia ya mpunga na kupakia ya mchele. Pumba zikitoka kwenye mashine zinarusha vumbi, na vumbi la pumba linawasha kuliko upupu. Linaingia shingoni, kwapani, mpaka ndani ya soksi. Huwezi kulala nalo. Ndiyo maana tajiri alitujengea bafu moja nyuma ya ghala: ukuta wa tofali usiofika juu, pazia la viroba badala ya mlango, pipa la maji na kopo. Tunaoga hapo sisi wabebaji, na wateja wanaosubiri zamu siku mbili tatu nao wanaoga hapohapo.

Mwezi wa tano nilitoka vipele mgongo mzima. Mtu wa duka la dawa akanipa sabuni ya dawa, akasema nisitumie nyingine. Basi nikapiga misumari ukutani, nikaweka vitu vyangu: sabuni kwenye kikopo, dodoki, mswaki, mafuta ya mgando, na lile taulo la kijani ulilonipa nilipoondoka. Tunalala kumi na wawili kwenye chumba cha ghala, huko hakuna hata pa kutundika kofia. Nilijaribu kutembea na sabuni kwenye mfuko nikiwa kazini, ikajaa pumba, nikawa najisugua na kile kinachoniwasha.

Sabuni ilianza kupungua. Mtu mmoja akioga mara moja kwa siku anajua sabuni yake inavyokonda. Yangu ilikuwa inakonda kama mgonjwa. Taulo nikilishika nalikuta limelowa na mimi sijaoga. Dodoki nikalikuta na nywele zisizo zangu.

Wabebaji wenzangu wa karibu ni wawili. Aloyce ni Mfipa, mtu wa mzaha, mdomo wake haufungwi hata akiwa na gunia kichwani. Gervais ni wa Katumba, mpole, anaimba kwaya. Nikawauliza. Aloyce hakuficha hata kidogo.

"Msukuma mzima, ng'ombe mnahesabu mpaka mnachoka, kipande cha sabuni kinakuuma?"

Nikamwambia ng'ombe ni wa babu na hawaogi kwa sabuni yangu. Watu wakacheka, mimi nikacheka pia, na kesho yake sabuni ikapungua tena. Nikanunua nyingine, nikachora jina langu juu yake kwa msumari, YOTHAM, herufi kubwa. Aloyce akaoga nayo mpaka herufi zikafutika. Akaja kunionyesha.

"Kaka, jina lako limeisha. Sasa ni ya wote."

Mswaki nao niliukuta una udongo. Gervais akakiri mwenyewe, kwa sauti ya kanisani, kwamba alisugulia raba zake za kwaya. Alidhani ni mswaki wa zamani. "Nisamehe, ndugu yangu. Kwetu kitu kikishakaa bafuni hakina mwenyewe." Nilikwenda kwa msimamizi. Akaniambia yeye anasimamia mchele, hasimamii mapovu.

Shangazi, hapa niseme ukweli. Sikugombana nao. Ningeweza kumwambia Aloyce waziwazi, bila kucheka, kwamba mgongo wangu unauma na ile ni dawa. Sikumwambia. Niliona aibu kuonekana mtu wa kulilia sabuni. Nikawa nacheka nao mchana na hasira naimeza. Wewe unanijua nikimeza.

Sasa sikia upande wa posa. Uliporidhia mwezi wa nne, nilimtuma Zablon, yule fundi baiskeli wa Magamba niliyekwambia ni mtu wa kwetu Maswa, awe mshenga. Alikwenda Kakese mara mbili, akapokelewa vizuri. Mimi, kama ulivyoniagiza, sikukanyaga huko. Ulisema kijana hajipeleki kwa wakwe kabla ya jibu, asije akaonekana ana njaa. Nilitii. Kwa hiyo mzee Machibya, baba yake Minza, nilikuwa nalijua jina lake tu. Sura yake sikuwahi kuiona, na yeye yangu hakuwahi kuiona. Minza tulifahamiana hapa mashineni msimu uliopita, alipokuja na shangazi yake kupepeta mchele.

Jumanne iliyopita tulishusha magunia tangu asubuhi bila kupumzika. Saa kumi nikaenda kuoga, mgongo unawaka moto. Nikasikia mtu ndani anajimwagia maji. Nikasikia harufu ya sabuni yangu. Taulo langu la kijani limening'inizwa juu ya ukuta. Nilijua ni Aloyce.

Nikapiga kelele. "Aloyce! Mwizi wa sabuni we! Leo utatoka kama mama yako alivyokuzaa!"

Nikavuta taulo kwa mkono mmoja na pazia kwa mkono wa pili. Viroba vikakatika vyote, vikaanguka chini.

Ndani alikuwa mzee wa watu. Mapovu usoni, macho kayafumba, anapapasa ukuta akitafuta taulo. Na nyuma yangu nikasikia sauti ya Aloyce, yuko na gunia lake begani.

"Mimi niko huku, Yotham! Umemvua mteja!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yule mzee akageukia ukutani. Akasema kwa Kisukuma, taratibu, "Mwanangu, nipe hicho kitambaa nijisitiri."

Mpaka hapo, Shangazi, ningeweza kuitwa mtu aliyekosea. Nilidhani ni mwingine. Lakini watu walikuwa wananicheka na mimi, na ile hasira ya miezi miwili ilikuwa imefika kooni, haikujali ni nani aliye mbele yangu. Nikamjibu, "Taulo ni langu." Nikaondoka nalo. Nilimwacha pale. Gervais ndiye aliyevua shati lake akampelekea.

Baadaye niliambiwa kwamba Aloyce ndiye aliyemwonyesha bafu na kumwambia, oga mzee, kila kitu kipo. Yule mzee hakuiba chochote. Alikaribishwa.

Alipovaa nguo zake akapakia mchele wake kwenye mkokoteni. Kabla ya kuondoka akamuuliza Gervais mimi ni nani. Gervais akajibu, "Anaitwa Yotham, wa Maswa." Mzee akatikisa kichwa, akawaswaga ng'ombe wake. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala, najifanya nashona gunia.

Alhamisi Zablon akaja na baiskeli, jasho linamtoka. Hakunisalimia.

"Wewe, umemfanya nini mzee Machibya?"

"Machibya yupi? Sijawahi kumwona."

"Hujamwona? Umemwona mpaka mgongoni!"

Nikakaa kwenye magunia. Zablon akanieleza kwamba Jumatano aliitwa Kakese. Mzee alimwambia, nilikwenda kukoboa mpunga nikakutana na huyo anayetaka kuwa mkwe wangu, amenivua mbele ya watu, akaninyima kitambaa. Unajua mwenyewe uzito wake kwetu. Mtu haoni uchi wa mkwe wake. Hata kuoga naye mto mmoja haiwezekani, mmoja anasubiri mwenzake aondoke. Na mimi nimemuona mkwe kabla hata hajawa mkwe.

Nikamwambia Zablon apeleke mbuzi wa kuosha hilo jambo, kama wazee wetu wanavyofanya. Mbuzi ningempata kwa njia yoyote. Akarudi Kakese Ijumaa na ujumbe huo, akaja na jibu jana. Mzee hataki mbuzi. Alisema hivi, na Zablon aliyarudia mara mbili ili nisiyasahau: "Uchi ni uchi, nimezeeka, waliouona wameona mzee. Mbuzi ataosha macho ya huyo kijana. Lakini kijana amenisikia naomba kitambaa, akaninyima. Kama amemnyima mzee kitambaa kwa ajili ya sabuni, binti yangu akiunguza ugali atamnyima nini?"

Nimelala nalo swali hilo, nimeamka nalo. Si swali la kijinga.

Minza alinipigia jana jioni. Nilimuuliza kama baba yake ana hasira sana. Akasema, "Hana hasira, amenyamaza. Afadhali angekuwa na hasira." Nikamuuliza na wewe je? Akasema, "Mimi nilikuwa namwambia baba kwamba wewe ni mpole. Sasa ananiangalia." Basi. Simu ikaisha chaji, au aliikata, sijui.

Huku kazini nimezungumza na Aloyce. Safari hii sikucheka. Nilivua shati nikamwonyesha mgongo. Aliangalia, akaniambia, "Sasa mbona hukusema, mtu wa Mungu?" Ameomba radhi, na amesema yuko tayari kwenda Kakese kusema kwamba yeye ndiye aliyemkaribisha mzee. Nimemkatalia. Hilo la Aloyce ni la bafuni. La kumnyima mzee kitambaa ni langu peke yangu, hakuna wa kugawana naye. Pazia nimelishona jipya, na gharama ni yangu.

Sasa nafika kwenye ombi. Zablon alipokuwa anaaga, mzee Machibya alimuuliza, "Huyu kijana amelelewa na nani?" Zablon akamwambia mama yangu alikufa nikiwa sijaota meno ya pili, na aliyenilea ni wewe. Mzee akafikiri, akasema, "Basi jibu la posa nitampa huyo shangazi. Simpi mshenga, simpi kijana. Nataka nimuulize yeye."

Kwa hiyo nakuomba uje, Shangazi. Najua ni mbali na goti linauma. Panda treni Malampaka, utabadilisha Tabora, na mimi nitakuwa stesheni ya Mpanda na bajaji ikikusubiri, hutatembea hata hatua kumi. Njoo na Ng'washi akushike mkono. Mtafikia kwa mke wa Zablon, ameshakubali. Ukiweza iwe kabla mwezi huu haujaisha, maana Zablon amesikia kuna watu wa Inyonga nao wameuliza kuhusu Minza.

Na ukifika Kakese usinipambe. Najua utataka, maana unanipenda. Mzee akikuuliza kama nina hasira, mwambie ninayo. Mwambie jinsi ninavyoimeza siku nyingi halafu inatoka kwa mtu asiye na kosa. Mwambie kuhusu ile siku nilipompiga ndama wa jirani mpaka akachechemea, kwa sababu mwalimu alinicheka darasani. Halafu mwambie na ulichonifanyia: ulinipeleka kwa jirani, nikamchunga yule ndama peke yake mpaka mguu ukapona, na tangu hapo sijampiga mnyama. Nina umri wa miaka thelathini na moja na inaonekana somo liliishia kwa wanyama. Hilo nalo mwambie. Akisikia yote mawili ndipo aamue. Akinipa Minza kwa sababu umenificha, nitaishi nikiogopa siku atakayonijua. Akininyima baada ya kusikia ukweli, nitakusindikiza stesheni na nitarudi kubeba magunia, na sitamsema vibaya mtu yeyote wa nyumba ile.

Nisalimie baba mdogo Telesfori, mwambie jembe la kukokotwa nitalituma na lori la mwisho wa mwezi. Msalimie mama Lidia wa jirani, ila usimsomee barua hii. Ng'washi, asante kwa kusoma, na sasa unaweza kufungua mlango.

Mungu akulinde njiani, akulainishie goti, na ulimi wako aunyooshe siku ile utakapokaa mbele ya mzee.

Mimi mwanao nikupendaye, ninayekusubiri stesheni,

Yotham