Nimevishwa Joho la Mwanafunzi Wangu

Mpendwa Salomat-opa, dada yetu mkubwa wa safu ya ushauri, naomba msaada wako na unisikilize kwa subira, maana jambo lenyewe ni zito. Mimi ni daktari wa picha hapa mjini Namangan, nafundisha wanafunzi wa udaktari kusoma eksirei za wagonjwa wa dharura, wao huniita Domla kama mwalimu yeyote wa chuo, na kila kundi jipya nalianza na onyo lile lile, kwamba picha ya shingo ya mtu aliyeanguka usiisemee neno mpaka umehesabu pingili zote saba, kwa sababu mabega hupenda kuificha ile ya chini kabisa, na mgonjwa akivuliwa kola ya kushikilia shingo huku pingili hiyo imehama anaweza kupooza palepale kitandani. Nimelisema hilo mpaka wananiigiza kantini.

Basi wiki chache zilizopita akaletwa mgonjwa, kaka yetu Hoshim-aka, aliyeteleza juu ya paa akianika matunda ya aprikoti. Picha ikaja, wanafunzi wamenizunguka, nami kwa kutaka kuwaonyesha umahiri nikaitupia jicho tu nikasema, "Shingo safi, mvueni kola." Muuguzi akanyoosha mkono. Hapo msichana mmoja, Oydin, mtoto wa watu mpole ambaye hata kuuliza swali huona haya, akasema, "Domla, samahani. Mimi naona sita tu." Nikamjibu kwa ukali, "Hesabu tena!" Akahesabu kwa kidole, moja moja. "Sita, Domla. Ya saba imefunikwa na bega." Tukampeleka mgonjwa kwenye mashine ya CT na kola yake shingoni, na kweli, ya saba ilikuwa imehama. Amefanyiwa upasuaji na sasa anatembea, namshukuru Mungu kila nikimwona.

Tatizo, Opa, ni kwamba mama yake Hoshim-aka alikuja na pilau, mikate na joho la heshima, akanivisha mbele ya wanafunzi wote huku akilia, "Mwanangu, macho yako yasififie, umenirudishia kijana wangu!" Unajua kwetu mkubwa ndiye anayevishwa, na mama wa watu analia, nikainamisha kichwa nikapokea, na aliyepiga makofi kuliko wote ni Oydin. Sasa ameomba ahamishiwe idara ya ngozi kuanzia Jumatatu. Rafiki yake ameniambia analia bwenini, eti, "Nimemvunjia Domla heshima, hata haniangalii." Ni kweli simwangalii, lakini ni kwa kuwa nikimwangalia machozi yananilenga, namshukuru kuliko mtu yeyote, ameniokoa nisimlemaze mtoto wa mtu. Mke wangu ananionya, "Jishushe tu uone, watakupanda kichwani wote." Nifanyeje?

Mwalimu wa Picha, Namangan

*

Domla, pole, na hongera pia. Ndiyo, hongera. Wengine wangemfukuza binti yule chumbani na kola ikavuliwa. Wewe ulifoka, lakini ulisubiri hesabu, na ilipokuja uliikubali. Huyo Oydin hakuokota ujasiri njiani, kaupata kwa onyo lako ulilomwimbia mpaka likamwingia. Nimefurahi kwa ajili yenu wote wawili.

Baada ya hapo umeniudhi. Binti kakuokolea mgonjwa, kazi na usingizi, nawe shukrani umeifungia kifuani ukamnunia! Atajuaje? Hata hizo mashine zenu hazipigi picha ya shukrani.

Mkeo msalimie, umwambie safari hii kakosea. Kwani mlikuwa wangapi mbele ya picha ile? Huenda wapo wengine walioona sita wakameza maneno yao. Hao sasa wanamtazama aliyesema, waone yatakayompata.

Kwa hiyo usingoje Jumatatu. Mwite Oydin leo, umtazame usoni, umwambie ahsante, na machozi yakija yaache yaje, hutakufa. Kisha nenda naye kwa yule mama, ukamwambie macho yaliyomwokoa mwanawe ni ya nani. Joho libaki kwako, usianze kuhangaika kulirudisha. Nawajua akina mama wa Namangan, binti hatatoka pale bila kitambaa cha hariri na sahani ya pili ya pilau. Halafu darasani, itundike picha ile ya kwanza na useme, kwa sauti unayofundishia siku zote, "Hapa nilikosea mimi, na huyu akanisahihisha." Kisha endelea na somo.

Ukimwacha aende zake analia, onyo lako la pingili saba limekufa, hata ulirudie kila asubuhi. Waliobaki watakuwa wamejifunza kwako kitu kimoja tu: mkubwa akisema shingo ni safi, sita zinatosha.