Nyumba Iliyochorwa kwa Chokaa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea pia shikamoo za wiki tatu nilizokaa kimya, maana najua unazihesabu. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua niliyoyapata kwa vumbi la chokaa, na hayo yanaondoka. Sijui ninyi huko. Magoti yanasemaje? Dada ameshaanza kutoka nje? Na huyo mgeni wetu mdogo, bado anakunyima usingizi? Mwambie dada asikuachie mtoto kutwa nzima kisa bibi yupo. Najua wewe hutalalamika, ndiyo maana nalalamika mimi.

Chumba chako kiko salama. Jumapili nilipita nikafungua dirisha, nikafagia, nikasogeza na ndoo, maana paa limepata tundu jipya upande wa kitanda. Nilimweleza mwenye nyumba. Akasema amesikia, ila haoni sababu ya kuziba paa la watu wanaohama. Siku hizi anawajibu hivyo wapangaji wote, na kodi anadai vilevile.

Sasa najua unaruka mistari kutafuta habari za nyumba. Usiruke, mama. Kila barua yako inaishia na swali hilohilo, na ile namba yako ya kwenye orodha, mia tatu tisini na moja, unaikumbuka kuliko tarehe niliyozaliwa mimi. Nitakueleza yote. Naomba tu uyasome kwa mpangilio yalivyotokea, kwa sababu ukianza na mwisho hutanielewa.

Serikali ilitangaza nyumba mia nne kwa wapangaji wa mtaa wenu. Waziri alisema hadharani, watu wakashangilia, majina yakaandikwa. Ambacho hakikutangazwa ni kwamba kwa fungu lililotoka Hazina, ramani tuliyokuwa nayo wizarani ilitosha nyumba mia tatu hamsini na mbili tu. Ilikuwa nyumba hasa, mama. Vyumba viwili, sebule, jiko lenye dirisha lake, choo cha ndani, na mahali pa kupita bila kugonga kiwiko. Niliichora mimi kwa miezi mitano, na nilikuwa naringa nayo kimoyomoyo.

Lakini mia nne ilikuwa imeshatamkwa, na hakuna aliyekuwa tayari kwenda kumwambia waziri airudishe. Basi ikaamuliwa nyumba ndiyo ipungue. Hazina wakatuletea afisa wao, ambaye ofisini tunamwita Mkasi kwa jinsi anavyokata mafungu ya watu. Si mtu mbaya. Anaketi na ramani, anavaa miwani, anauliza taratibu hiki ni cha nini na kile ni cha nini. Korido ilikuwa ya nini? Tukaikata. Jiko peke yake la nini? Likaingizwa sebuleni. Akafika kwenye milango na choo, navyo akavibana. Mwishoni zikapatikana nyumba mia nne kamili, akatupongeza, nami nikachora upya nikiwa nimenuna.

Mhandisi wetu mkuu ana desturi moja ambayo wizara nyingine wanatucheka kwayo. Hatii saini mradi wowote kabla nyumba haijachorwa chini. Anasema raia hasomi ramani kwa macho, anaisoma kwa miguu. Kwa hiyo kabla ya kuchimba msingi tunakwenda kiwanjani na kamba, vigingi na ndoo za chokaa, tunachora nyumba kwa vipimo vyake vyenyewe, ukuta ni mstari, mlango ni pengo. Walio kwenye orodha wanaitwa waje waingie. Kamati nzima, pamoja na Hazina, inakaa chini ya turubai inatazama, kisha inaamua palepale. Kinachoamuliwa hapo ndicho kinachojengwa.

Siku yenu ilikuwa Alhamisi. Nilipewa vibarua wawili na agizo la kuchora nyumba moja, ile iliyobanwa. Mhandisi mkuu alipofika alikuta nyumba mbili, iliyobanwa na pembeni yake ile pana ya zamani. Akaniuliza hii ya pili imetoka wapi. Nikamwambia nilikuwa na ramani zote mbili mkobani, zote zina muhuri, nikachanganya. Akanitazama mimi, akautazama na mkoba. Watu walikuwa wameshaanza kuingia getini, akasema basi iacheni.

Mama, natamani ungekuwepo. Mimi hii kazi ninaifanya mwaka wa tisa na nilidhani nimeshaona kila kitu. Walikuja watu zaidi ya mia sita, wengine wamevaa nguo zao nzuri kabisa, kwa ajili ya chokaa iliyomwagwa kwenye udongo. Hakuna aliyewaambia wasikanyage kuta. Lakini sikuona mtu mzima hata mmoja akivuka mstari. Wote walizunguka mpaka kwenye pengo la mlango, wakapanga foleni, wakavua viatu. Viatu, mama, kuingia kwenye udongo uleule waliotoka kuukanyaga! Nilisimama na ndoo yangu nikashindwa hata kupiga chafya.

Dereva mmoja wa lori, pande la mtu, alilala chali kwenye chumba cha nyumba iliyobanwa ili apime kitanda. Miguu yake ikatokea sebuleni. Watu walicheka mpaka basi, naye akacheka, kisha akanyanyuka akijipangusa na hakucheka tena. Kulikuwa na mama mmoja aliyeingia na watoto wake watano. Akawapanga, huyu hapa, huyu pale, na yule wa mwisho akabaki amesimama juu ya mstari wa ukuta. Akamvuta, wa upande wa pili akasogea juu ya mstari mwingine. Alijaribu mara tatu. Nilitazama kwenye turubai, nikamwona Mkasi ameacha kuandika.

Halafu akaja yule fundi cherehani wa pale konani kwenu, anayemuuguza mama yake aliyepooza. Alikuwa anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Kwenye nyumba iliyobanwa kiti kilipita mlangoni kwa shida, na kilipofika ndani kikakataa kugeuka. Gurudumu likafuta ukuta. Fundi akaomba radhi, mama, akamwomba radhi kibarua wangu kwa kuharibu ukuta, akainama akaurudisha mstari kwa vidole. Akajaribu tena, ukafutika tena. Akakitoa kiti kinyumenyume, akakipeleka kwenye nyumba ya pili.

Huko kiti kiligeuka. Kilizunguka mzunguko mzima katikati ya sebule bila kugusa kitu. Akampeleka mama yake jikoni, akamwonyesha dirisha lilipo, akampeleka chooni, akamrudisha chumbani. Yule bibi tangu apooze hazungumzi na watu wa nje, wewe unajua. Basi pale chumbani alimvuta mwanawe mkono na kumwambia, kwa sauti niliyoisikia mpaka nilipokuwa, kwamba amechoka, amfungie mlango apumzike.

Fundi hakusitasita. Alitoka, akaushika mlango usiokuwepo, akaufunga polepole.

Na watu wakageuka. Sijui nikuelezeje ili uone sizidishi. Watu wote wale waligeuza migongo yao, wakashusha sauti, wakawavuta watoto mbali na ile mistari, kwa sababu ndani kulikuwa na mtu mzima amelala. Jua linawaka, upepo unapita, hakuna paa wala tofali, na hakuna aliyethubutu kutazama ndani. Miaka yote hii nimekuwa nachora kuta, na sikuwa nimejua ukuta ni nini. Nililia, mama. Nasema wazi kwamba nililia.

Mkasi aliondoka kwenye turubai na faili lake kwapani, akaja mpaka kwenye pengo la mlango wa mbele. Akavua kofia, akapiga hodi. Fundi akamjibu kwa upole asubiri kidogo, mzee amepumzika. Na afisa wa Hazina akasubiri pale nje juani, zaidi ya robo saa, hadi alipokaribishwa.

Kamati ilipokaa hakukuwa na ubishi. Mkasi mwenyewe alisema hawezi kutia saini nyumba ambayo mgonjwa hawezi kugeuka ndani yake, na kwamba kwa waziri atakwenda yeye kueleza. Mhandisi mkuu akamuuliza kama fungu litaongezwa. Akasema haliongezwi. Zitajengwa pana, na kwa fungu hilo ni mia tatu hamsini na mbili, kwa kufuata orodha ilivyoandikwa. Arobaini na wanane wa mwisho wataombewa fungu jingine, lini haijulikani. Watu walishangilia. Wengine hawakushangilia. Walikuwa wanatazama vikaratasi vyao vya namba.

Umeshaelewa, mama. Nyumba yako haipo.

Ungekuwa wa mia mbili na kitu kama siku ya kujiandikisha usingewapisha wenye watoto wachanga mbele yako, ukakaa pembeni kwenye ngazi unapiga soga mpaka jioni. Hata kwa hilo sikulaumu. Lakini kuna jambo ambalo lazima ulisikie kwangu na si kwa jirani. Sikuchanganya ramani. Nilifika kiwanjani kabla ya watu, nikamaliza nyumba niliyoagizwa, nikaitazama, nikachukua kamba nikaanza ya pili. Kibarua mmoja aliniuliza kama tumeagizwa. Nikasema ndiyo. Na nilijua hesabu yake. Nilijua wakiichagua hiyo, namba ya mwisho ni mia tatu hamsini na mbili, na nilijua yako. Sikukosea hata kipimo kimoja, mama, na hilo ndilo linalonitisha. Nilimwaga chokaa sawasawa, pembe kwa pembe, nikikutoa wewe ndani.

Kuna na jingine. Ijumaa karani wa orodha alinifuata mezani, akaniambia namba mia mbili na kumi amehamia kwa watoto wake, nafasi yake iko wazi, na kwamba kuandika jina lako hapo ni kazi ya dakika moja na hakuna atakayeuliza. Alikuwa ananihurumia kweli. Nikamwambia ampe wa mia tatu hamsini na tatu. Simjui ni nani. Sikutaka hata kumjua, nikaondoka asije akanitajia.

Sikukuuliza, na nilikuwa na muda wa kukuuliza. Ningeweza kukupigia simu kwa dada. Niliogopa ungeniambia nifanye tu, kwa sauti yako ile ya kujifanya hujali, halafu mzigo ukaubeba wewe peke yako kama kawaida yako. Safari hii nimeubeba mimi. Jumatatu nitamweleza mhandisi mkuu kwamba haikuwa bahati mbaya. Sijui atanifanya nini. Nadhani anajua tayari.

Paa la chumba chako nitaliziba mwenyewe, nimeshaazima ngazi. Ukipenda uje kwangu, karibu, ingawa ukifungua kabati itabidi mimi nisimame mlangoni. Ukiamua kubaki kwa dada mpaka hasira ziishe, pia nitaelewa. Najua ulikuwa umeshachagua kitambaa cha pazia la jikoni. Nilikikuta Jumapili chini ya mto, umeshakipinda na kukishona. Nikakirudisha kilivyokuwa.

Nisalimie dada na shemeji, na umbusu mgeni wetu mdogo kisigino kwa niaba yangu. Sina cha kukuomba. Ila ukijibu, nigombeze kwanza mpaka uishiwe, ndipo unipe habari za magoti.

Ni mimi mwanao unayemjua, na asiyejua kama bado unamtaka,

Kitindamimba wako