Mikwaruzo ya Mwende

Jumanne.

Huyo fundi amenikasirisha. Mwanangu alimtuma abadilishe kioo cha dirisha la jikoni, eti kimejaa mikwaruzo.

Ni ya marehemu mke wangu, Mwende. Kila jiwe tulilookota hapa Kwa Vonza alilijaribu kwenye kioo hicho. Likikikata, huenda ni kwatzi, jiwe gumu la vito. Kisha analiosha aone rangi: zambarau, waridi au moshi. Mimi nilikuwa namletea jeupe lenye matope nikisema ni la moshi. Alinicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mzee, lakini kijana wako ndiye ameniagiza," fundi akasema. Nikamwambia aende na kioo chake.

Jioni nimeokota jiwe lingine. Nimekwaruza kioo nalo kando ya mikwaruzo ya Mwende, limekata. Nimeliosha, rangi haikutoka. La moshi kweli!

Nikageuka nimwonyeshe.