Waliponifanya Mkimbizi Darasani

Kaka Felisiani,

Salamu nyingi kutoka huku Ureno. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na miguu ya Mama imepungua kuvimba. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio una hasira, na sehemu ya hasira hiyo inakuhusu wewe.

Juzi kwenye simu ulinikatisha: "Omba radhi yaishe, mdogo wangu. Usituaibishe." Hukutaka kusikia kilichotokea. Basi soma.

Chuo chetu cha uzamili kiko katika mji wa kale wa bandari, ndani ya kuta ambazo watalii wanazipiga picha kutwa. Tunasoma uhusiano wa kimataifa, watu wa mataifa mbalimbali. Wiki ile Profesa alituandalia mkutano wa kuigiza: nchi zijadili kufungwa kwa kambi ya wakimbizi. Kambi aliyoichagua ni Nyarugusu, ileile ya kwetu Kigoma. Nilifurahi, kaka! Nikajua nitaiwakilisha Tanzania. Tanzania akampa kijana ambaye hata Kigoma hajui iko wapi. Mimi akanitupia kitenge.

"Devota, wewe utakuwa mkimbizi. Jifunike, ukae pale chini. Usiseme mpaka uulizwe."

"Mimi ni Mtanzania, Profesa. Nimezaliwa Heru Juu."

"Lakini ulituambia asili yenu ni Burundi. Utaigiza vizuri zaidi."

Nikakaa, nikidhani ni mchezo wa dakika chache. Wakawa wananijadili nikiwa palepale miguuni kwao, kama gunia la maharage linalotafutiwa lori. Kisha binti mmoja akainama, akaniuliza polepole kama anayesema na mtoto, "Unajua kusoma?" Darasa zima likacheka. Profesa naye akacheka. Nikavua kile kitenge, nikakiweka mezani kwake, nikatoka.

Ndipo mkuu wa chuo akaniita: niombe radhi mbele ya darasa, la sivyo somo hilo nimefeli.

Jumatatu nikaenda. Profesa akatangaza, "Devota ana neno la kutuambia."

"Ninalo," nikasema. "Babu yangu alivuka mpaka wa Burundi akiwa amembeba baba yangu mgongoni. Watu wa Heru Juu hawakumuuliza kama anajua kusoma. Walimuuliza kama mtoto amekula."

Safari hii hakuna aliyecheka. Profesa akasema hiyo si radhi, akafungua kitabu chake, akaendelea kufundisha.

Basi nimefeli. Nitalirudia somo mwakani kwa profesa yuleyule, na kurudi kwangu nyumbani kutachelewa mwaka mzima. Najua ulishamwahidi Mama kwamba nakuja. Najua unampeleka hospitali peke yako, na huenda ni uchovu ulioongea kwenye simu. Lakini neno aibu usinitamkie tena. Mtoto aliyebebwa mgongoni ni baba yako pia.

Nisalimie shangazi anayeuza dagaa sokoni Kasulu, na mjomba fundi baiskeli kule Kibondo. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka.

Mama usimtumie mtu wa kumpa habari hizi. Kaa naye karibu, umweleze wewe mwenyewe kwa Kiha, usimpunguzie hata neno moja. Akilia, mwache alie. Akikasirika, nipigie hapohapo nimsikie.

Ni mimi mdogo wako,
Devota